Umenunua Chuma au Umenunua Ruhusa?

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi kwenye mkutano wetu wa mafundi, walimu wa kompyuta na maafisa ununuzi hapa Dodoma. Wenzetu wa Kondoa, Mpwapwa na Manyoni walioshindwa kufika waliomba wayapate maneno yote, basi ninayaweka kama yalivyotoka. Picha za ukutani nimeziacha, na pale kipaza sauti kilipokatika nikarudia, nimeandika mara moja tu.

Mbukwenyi!

Nashukuru, nimeitikiwa. Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, mafundi wenzangu, ndugu zetu wa ununuzi mliokaa kule nyuma karibu na mlango, nanyi wanangu wanafunzi mliokaa chini kwa sababu viti vimekwisha, naomba nianze na swali.

Ukienda sokoni Majengo ukanunua jembe, umenunua nini? Umenunua jembe. Utalimia mtama, utalimia karanga, utamwazima jirani, mpini ukivunjika utachonga mwingine. Aliyekuuzia hatakufuata shambani kukuuliza unalima nini na ekari ngapi. Sasa niambieni: ukinunua kadi ya grafiki, ile sehemu ya kompyuta inayoshughulikia picha, umenunua nini?

Msinijibu haraka. Mimi nilijibu haraka, ikanigharimu.

Miaka michache iliyopita ofisi yetu ndogo ilipata kazi ya ramani ya kijiji kimoja upande wa Bahi. Droni iliruka siku mbili, tukarudi na picha 1,900. Kwa msiofanya kazi hii: programu inazichukua picha zote hizo, inatafuta vitu vinavyofanana, jiwe lile lile, kona ile ile ya bati, inaviunganisha mpaka unapata picha moja kubwa ya kijiji kizima, na mpimaji anachora mipaka ya viwanja juu yake. Ni hesabu tupu kazi hiyo, na hesabu za namna hiyo ndizo kadi ya grafiki inazoziweza, maana ndani yake kuna mamia na maelfu ya vikokotoo vidogo vinavyokokotoa kwa pamoja.

Kadi tuliyokuwa nayo ilikuwa imechoka, kumbukumbu yake ndogo. Nikapiga simu Kariakoo. Kijana wa dukani akaniambia, "Dada, kwa hela hiyo hiyo ya kadi ya gigabaiti 8, mimi nakupa ya kampuni nyingine yenye 16." Nani angekataa? Ikapakiwa kwenye basi, nikaipokea alfajiri stendi ya Nanenane, nikaifunga kwenye kanga isipigwe vumbi, nikapanda bajaji nimeipakata kama mtoto. Ofisini nikafungua kompyuta, nikapuliza lile vumbi letu jekundu, nikachomeka kadi mpaka ikalia tak, nikaunga nyaya mbili za umeme. Nikawasha. Feni zikazunguka. Kompyuta ikaitambua kwa jina lake. Nikafungua programu ya ramani, ile ambayo leseni yake tulikuwa tumeilipia mwaka mzima, nikaipa picha 1,900, nikabonyeza ianze.

Ikaandika mstari mmoja: hakuna kadi inayofaa.

Nikaichomoa, nikaichomeka tena. Nikafuta draiva, nikaweka nyingine. Nikalala ofisini. Kesho yake nikawaandikia wenye programu, wakanijibu kwa sentensi mbili: programu yao imeandikwa kwa kadi za kampuni moja, na hawana mpango wa kuiandikia nyingine. Kadi yangu nzima, ina nguvu, kumbukumbu mara mbili, imekaa pale inazungusha feni kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji. Tukairudisha kazi kwenye prosesa peke yake. Siku nne. Usiku wa tatu umeme ukakatika, tukaanza upya. Mteja akasubiri, na vijana wangu nikawaambia ukweli kwamba kosa ni langu, sikuuliza.

Sikuuliza nini? Ndicho kilichonileta hapa mbele yenu. Nilitazama chuma. Nilihesabu gigabaiti. Sikutazama maandishi. Na kufuli, ndugu zangu, haliko kwenye chuma. Kufuli liko kwenye draiva, liko kwenye mkataba wa leseni, na liko kwenye msimbo, yaani maagizo ya programu tunayoyaandika sisi wenyewe kwa vidole vyetu.

Nianze na draiva, kwa sababu ndilo kufuli jepesi kuliona. Kwa ndugu zetu wa ununuzi, draiva ni programu inayokaa katikati ya kompyuta na kadi, inaipa kadi maagizo. Isipotaka, kadi haifanyi.

Wanaorusha harusi na mikutano mubashara wanalijua hili. Kadi za GeForce, zile za michezo za kampuni ya NVIDIA, zina sehemu maalumu ya kubana video. Kwa miaka mingi draiva iliziruhusu kadi hizo za kawaida kubana video 2 tu kwa wakati mmoja. Baadaye zikawa 3. Mwaka 2023 zikawa 5. Mwaka 2024 zikawa 8. Sasa nawauliza: kuna mtu alikuja nyumbani kwako na bisibisi akaongeza kifaa ndani ya kadi? Hakuna aliyekuja. Umelala na kadi inayobana 3, umepakua draiva mpya, umeamka na kadi inayobana 5. Chuma kile kile! Uwezo ule ulikuwemo siku uliyohesabu noti zako dukani. Ulibeba uwezo wote nyumbani, ukaruhusiwa sehemu yake.

Mfano mwingine, huu ni mfupi. Februari 2021 ilitoka RTX 3060, kadi nyingine ya NVIDIA, nayo ikaja na kikomo: ikigundua kwamba unachimba Ethereum, sarafu ya kidijitali inayopatikana kwa kukokotoa, inapunguza kasi kama nusu. Nia yenyewe siilaumu, maana wakati ule wachimbaji walikuwa wanazoa kadi zote na kijana anayetaka kucheza au kujifunza haoni hata moja. Lakini mwezi uliofuata kampuni yenyewe ilitoa kwa bahati mbaya draiva ya majaribio, namba 470.05, ambayo ilikiondoa kikomo hicho. Kitu kilichofungwa kwa maandishi kilifunguka kwa maandishi, tena kwa kupitiwa.

Hayo ya draiva angalau unayaona kwenye skrini. Mkataba wa leseni hauuoni. Hebu mnyooshe mkono: nani humu ndani amewahi kusoma mkataba wa draiva mpaka mwisho kabla ya kubonyeza "nakubali"? (Ilinyooshwa mikono miwili. Ukumbi ulikuwa na watu zaidi ya mia.)

Basi niwasomee maana ya kifungu kimoja. Mwishoni mwa 2017, leseni ya draiva za kadi za GeForce na Titan iliongezewa maneno yanayosema kwamba programu hii haina leseni ya kutumiwa kwenye kituo cha data, yaani mahali penye kompyuta nyingi za kuhudumia wengine, isipokuwa kwa kazi za blokcheni, ile daftari ya sarafu za kidijitali. Yaani kadi ni yako, umeilipia, lakini ukiipeleka kwenye chumba fulani, draiva yake hairuhusiwi kufanya kazi humo. Ukitaka humo, nunua kadi za daraja la juu, na bei zake ni za daraja la juu kweli kweli.

Kwa nini kifungu hicho kinanichoma? Turudi mwaka 2012, Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Alex Krizhevsky na Ilya Sutskever, wakiwa na mwalimu wao Geoffrey Hinton, walifundisha kompyuta kutambua picha, wakashinda shindano la ImageNet kwa tofauti iliyowashangaza wote. Haya mambo ya akili unde tunayoyasikia kila kukicha, sehemu kubwa yalipata moto pale. Walitumia nini? Kadi 2 za michezo! GTX 580, kila moja gigabaiti 3 za kumbukumbu. Ilichukua siku 5 mpaka 6. Kadi ambazo kijana wa Toronto angezinunua acheze mpira wa kwenye kompyuta.

Mimi nikiwatazama hawa wanangu waliokaa chini, nawaona wale. Chuo chetu hakitapata hela ya kadi za vituo vya data leo wala mwakani. Kitapata kadi mbili za michezo, kitazipanga kwenye chumba cha seva chenye kiyoyozi kimoja kinachovuja. Sasa chumba hicho ni kituo cha data au si kituo cha data? Wakati ule watu waliuliza, na kampuni ikaeleza kwamba haikusudii kuwazuia watafiti wanaozitumia kadi hizo kwa kazi zisizo za biashara na zisizofikia ukubwa wa kituo cha data. Nashukuru kwa maelezo hayo, kwa moyo wote. Lakini maelezo yanayotolewa kwa waandishi wa habari si kifungu cha mkataba. Mwanasheria wa taasisi yako atasoma mkataba.

Sasa nije kwenye kufuli la tatu, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu hili tunalitengeneza wenyewe.

Mjomba wangu analima zabibu Hombolo. Zabibu za mvinyo. Mnajua zabibu ya kwetu inavunwa mara 2 kwa mwaka, na mnajua shamba la zabibu si shamba la alizeti, huwezi kulima msimu huu ukabadili msimu ujao. Unasimika nguzo, unavuta waya, unasubiri mzabibu ushike, unajifunza kupogoa. Alipoanza, alikuja mnunuzi mmoja kwa wema. Akamletea miche, akamletea bwana shamba, akamwambia, "Wewe vuna tu, gari langu litakuja." Likaja kweli. Miaka mitatu mjomba alikula vizuri, akaezeka nyumba kwa bati jipya. Mwaka wa nne gari likaja na bei ndogo. Afanye nini? Zabibu ikiiva haisubiri mjadala, siku chache inaanza kuoza mtini. Aina ile haiendi mezani, inataka mvinyo. Ujuzi wake wote ni wa aina ile. Mjomba hakufungwa kamba na mtu. Wala hakudanganywa. Alipewa vitu vizuri, akavipenda, akajenga maisha yake juu yake.

Ndivyo ilivyo CUDA. NVIDIA iliitangaza mwaka 2006, ikatoka 2007. Ni namna ya kuiandikia kadi ya grafiki hesabu zisizohusu picha, ikiwa na zana zake na maktaba zake, yaani msimbo ulioandikwa tayari wa kutumia. Ilitolewa bure. Iliendeshwa hata kwenye kadi zao za bei ndogo, na hilo ni jambo kubwa, maana mwanafunzi alijifunza kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Wakaandika miongozo, wakaingia vyuoni, wakafundisha walimu. Mimi niliyesimama hapa nimejifunza kwa miongozo hiyo, na ni kazi nzuri ya watu wenye bidii. Anayewaambia kwamba NVIDIA wamefika pale kwa ujanja mtupu anawakosea wahandisi wao. Mwaka 2009 ilikuja OpenCL, iliyokusudiwa iwe ya kampuni zote, lakini mali ya wote ilikosa mama wa kuilea. Kila kampuni iliichukua nusu nusu. Waandishi wa programu wakaenda kwenye unafuu.

Na msimbo wa CUDA unaendeshwa kwenye kadi za nani? Za NVIDIA peke yake. Kila mstari unaoandika ni mche mwingine wa mzabibu. Hapa sizungumzii mwanzo wa kazi, ambapo kila kitu ni kitamu. Nazungumzia mwaka wa nne, wakati una mistari elfu ishirini, vijana wako wote wanaijua lugha moja, na bei imebadilika.

Mtasema: si kuna wakalimani? Kweli, watu wamejaribu. Mtaalamu mmoja, Andrzej Janik, alitengeneza ZLUDA, mkalimani anayekaa katikati: programu iliyoandikwa kwa CUDA inadhani inaongea na kadi ya NVIDIA, kumbe inaongea na kadi nyingine. Alianza mwaka 2020 na kadi za Intel. Baadaye AMD, kampuni inayoshindana na NVIDIA, wakamlipa aifanye kwa kadi zao, mkataba ukaisha, na Februari 2024 akaiachia kama programu huria. Watu walifurahi! Programu ambazo hazijaguswa hata herufi moja zikaendeshwa kwenye kadi za AMD. Agosti mwaka huo huo wanasheria wa AMD, wale wale waliomlipa, wakasema barua pepe zilizomruhusu hazina nguvu ya kisheria. Akalazimika kuuondoa msimbo na kuanza tena kutoka toleo la zamani. Tazameni hapo: aliyemkwamisha hakuwa yule mwenye CUDA. Alikuwa mpinzani wake. Kwa hiyo msije mkatoka humu mkisema dada amekuja kupigia debe kampuni fulani.

Na upande wa CUDA wenyewe nako kuna kifungu. Leseni yake inakataza kuyafumua, yaani kuyachambua uone yameundwaje, yale yaliyozalishwa na zana zake kwa nia ya kuyatafsiri yaendeshwe kwenye kifaa kisicho cha NVIDIA. Kifungu kilikuwepo kwenye maandishi yao ya mtandaoni kwa muda, ila watu wengi walikigundua mwanzoni mwa 2024, walipokikuta ndani ya mafaili wanayosakinisha.

Mimi si mwanasheria. Najua tu kwamba sheria za nchi haziliangalii jambo hili kwa jicho moja. Ulaya wana maelekezo tangu 1991 yanayoruhusu, kwa masharti, kufumua programu ili programu nyingine iweze kuelewana nayo. Marekani, mwaka 2021, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 6 kwa 2 kwamba Google haikuvunja sheria ilipochukua viungo (API) vya Java, lugha ya kuandikia programu ya kampuni ya Oracle, ili waandishi wa programu waendelee kutumia maneno waliyoyazoea. Haya nayataja kwa ajili ya wanafunzi wa sheria niliowaona pale dirishani: hapa kuna kazi kwa ajili yenu, na hakuna anayeifanya.

Ila kuna jambo moja naomba mlielewe vizuri, kwa sababu limewatisha watu bila sababu. Kifungu kile cha CUDA kinahusu matokeo, yale yaliyokwisha kukompailiwa, yaani kugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Msimbo ulioandika wewe kwa mkono wako ni wako. Kuutafsiri msimbo wako mwenyewe kwenda lugha nyingine na kuukompaili upya ni haki yako. AMD wana HIP, ambayo maneno yake yamefanana sana na ya CUDA, na wana zana inayobadilisha mafaili yako yenyewe. Niliijaribu kwenye msimbo wetu wa kusafisha picha za droni. Sehemu kubwa ilibadilika yenyewe. Iliyobaki, pale tulipotegemea maktaba ambazo hazina ndugu upande wa pili, ilitutoa jasho wiki mbili. Wiki mbili, si miaka miwili. Kama tungelijua tangu mwanzo tungeiandika ile sehemu mahali pamoja, isizagae kwenye mafaili arobaini.

Jambo jingine nalipitia haraka, linawahusu mafundi wa kadi za mtumba. Toleo la 13 la CUDA, lililotoka 2025, limeacha familia ya GTX 10, yaani GTX 1060, 1070, 1080, kadi ambazo ndizo zimejaa kwenye maabara zetu. Hazijafa, zitaendelea na matoleo ya zamani, lakini mlango unafungwa taratibu. Upande wa AMD nao, RX 580, ambayo kila duka linayo, ilishaondolewa kwenye orodha ya kadi zinazotunzwa na ROCm, zana za AMD zinazofanya kazi kama za CUDA. Kwa hiyo mteja akikuuliza kadi hii itadumu miaka mingapi, usimjibu kwa kuangalia feni. Angalia orodha.

Ndugu zangu wa ununuzi, sasa mgeuke huku, maana nimewaweka mwisho si kwa kuwadharau.

Nimeona vipimo vya zabuni, na nyingine naomba nikiri niliziandika mimi mwenyewe, vinavyosema: "kompyuta 20 zenye kadi ya kampuni fulani, namba fulani." Kanuni zetu za ununuzi wa umma hazitaki hivyo. Zinataka tueleze kazi na uwezo, na tukilazimika kutaja jina la biashara tuongeze "au inayolingana nayo". Tunaongeza maneno hayo. Ndiyo, tunayaongeza, kisha mzabuni analeta inayolingana, na sisi watumiaji tunakuja juu: haifai, haifai, programu yetu haiitaki! Nani ameharibu hapo? Afisa ununuzi ameandika vizuri. Sisi mafundi ndio tulikuwa tumeshafunga mlango miaka mitano nyuma, siku tuliponunua programu isiyokubali kadi ya pili.

Kwa hiyo ninyi tuulizeni. Fundi akikuletea ombi lenye jina la kampuni, muulize: kazi ni ipi? Programu ni ipi? Kampuni hiyo ikipandisha bei mara mbili, utahamia wapi na itakuchukua miezi mingapi? Akishindwa kujibu swali la mwisho, mrudishie karatasi yake. Atanuna. Mrudishie tu. Bei ya kadi inaonekana kwenye ankara, lakini bei ya kuhama haionekani popote, na ndiyo tunayokuja kuilipa kwa fedha za wananchi. Na kila programu mnayonunua, kabla ya kulipa, dai ijaribiwe mbele yenu kwenye kadi za kampuni mbili tofauti. Ikikataa moja, sawa, huenda bado mtainunua, kuna kazi ambazo hazina njia nyingine. Lakini mtakuwa mmeinunua macho yakiwa wazi, na mtaiandika kwenye faili kwamba hapa tumefungwa.

Walimu wangu. Sisemi muache kufundisha CUDA. Mwanafunzi asiyeijua atapata shida kazini, na ofisini kwangu kadi za NVIDIA zipo na zinafanya kazi kila siku. Ninachoomba ni kile alichofanya mjomba. Hakung'oa mizabibu yake. Alipopata kipande kipya cha shamba, mistari minne, alipanda zabibu za mezani, akawa anapeleka mjini mwenyewe kwa ndoo. Mnunuzi alipokuja tena na bei yake, mjomba alikuwa na la kusema.

Mistari minne yenu ni ipi? Kazi ya pili ya darasa, baada ya ile ya CUDA, iwe kuiandika hesabu ile ile kwa njia ambayo kampuni zaidi ya moja zinaikubali: Vulkan, OpenCL, SYCL, yoyote mnayoiweza. Anayefundisha akili unde atumie PyTorch, maktaba ya kujengea akili unde, kwa namna ambayo mwanafunzi haandiki jina la kampuni kila mstari, maana PyTorch inaendeshwa kwenye CUDA na kwenye ROCm pia. Anayefundisha kugeuza sauti ya Kiswahili kuwa maandishi, whisper.cpp inaendeshwa kwa Vulkan, na Vulkan iko kwenye kadi za NVIDIA, AMD na Intel. Na mwanafunzi akimaliza mradi wake wa mwisho, mumuulize swali moja kwenye utetezi: umeijaribu kwenye kadi nyingine? Hakuna haja ya kumkata alama. Mwulizeni tu, kila mwaka, kila mmoja.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Namalizia.

Ile kadi ya gigabaiti 16, niliyoileta kwenye bajaji nimeifunga kwenye kanga, sikuiuza. Vijana walinishauri niirudishe Kariakoo kwa hasara, nikakataa. Ilikaa kabatini miezi saba. Leo iko hapa. Mkitoka nje, pale kwenye meza chini ya mwarobaini, kuna kompyuta mbili zimeunganishwa kwenye jenereta. Moja ina kadi ya NVIDIA, ya pili ina ile kadi yangu. Diski ni sawa, prosesa ni sawa, draiva ni za mwezi huu. Mlioambiwa mje na flashi zenye kazi zenu, naomba mzitoe. Tutaendesha kila kazi kwenye zote mbili, na kila itakayogoma tutaandika jina la programu na mstari ulioiangusha kwenye ule ubao mweupe, mpaka jenereta iishe mafuta. Mwalimu wa Kondoa aliyenipigia jana kuhusu ramani zake za misitu, njoo uanze wewe.